Nimerefusha mapaja sentimita 7, je nikivamiwa nitaweza kujitetea? Wenye uzoefu naombeni msaada

Mtoto wa Tandika:

Wakuu habari za humu. Kwanza wale wa kuja kunicheka naomba mcheke haraka mmalize ndo tuongee, maana hii mada naijua itavuta kejeli. Mi dereva wa lori, niko Texas huku Marekani, kwetu Temeke. Nilikuwa na sentimita 165, nikaenda Istanbul nikafanya ule upasuaji wa kurefusha mifupa ya mapaja, wa rodi za chuma zinazokaa ndani ya mfupa na kurefushwa kwa sumaku, nikaongeza 7. Sababu zangu nazijua mwenyewe na hela ni ya jasho langu, hilo tusilijadili.

Mfupa umeshaunga, daktari kaangalia eksirei karidhika, magongo nimeacha, kazini nimerudi. Kutembea natembea, asiyejua hawezi kushtukia labda anikute kwenye ngazi. Shida yangu ni nyingine. Zamani nilikuwa mtu wa mazoezi, ndondi nimecheza mtaani toka niko sekondari na huku nikajifunza judo, yaani nilikuwa mfupi ila ukinigusa unajua umegusa nani. Sasa juzi kati usiku niko kituo cha malori nimeshuka kukagua matairi, wakatokea jamaa wawili katikati ya matrela wanakuja upande wangu wanaongea kwa sauti. Hawakunifanya chochote, walipita zao. Ila mimi nilitaka kurukia ngazi ya kichwa cha lori niingie ndani na miguu haikwenda, akili imeshafika mlangoni miguu ndo kwanza inajadiliana. Nikaishia kushika ule mpini nikapanda kidato kimoja kimoja kama kawaida yangu siku hizi, hao jamaa wameshafika mbali. Toka siku hiyo sina amani.

Desemba nategemea kuja Dar na roba za mbao za kule mnazijua, vibaka wanakukaba koo kwa nyuma wanakupora. Kwaiyo nauliza, kuna mtu humu kafanya hii kitu au kafungwa vyuma vya kurefusha kwa sababu yoyote akarudi kukimbia, kupiga teke, kuvumilia kupigwa mtama bila kuvunjika upya? Na je nirudi jimu kupigana au nisubiri rodi zitolewe kwanza? Daktari nikimuuliza anajibu utarudi kwenye maisha ya kawaida, sasa maisha ya kawaida ya nani.

---

Gia Kubwa:

Mkuu umesema tucheke haraka, nimecheka nimemaliza.

Ila kuna kitu kinanikera, we umeenda Uturuki kuongeza urefu na Uturuki hiyo hiyo ndo walikuwa na Naim Süleymanoğlu, mnyanyua vyuma, sentimita 147 tu! Dhahabu tatu za Olimpiki, 1988, 1992 na 1996. Pale Seoul alinyanyua kilo 190 juu ya kichwa na yeye yuko uzito wa kilo 60. Nani angemkaba roba yule? Halafu Pacquiao, sentimita 166, ubingwa wa dunia kwenye uzito nane tofauti. Ulikuwa na kimo cha Pacquiao ukalipa mamilioni kukikimbia.

Haya nimemaliza kweli, waje wanaojua.

---

Ringi Nne:

Gia Kubwa mwache mwenzio, maji yameshamwagika.

Mkuu mi sikufanya kwa urembo, mi niligongwa na gari nikiwa kwenye bodaboda, mfupa wa goko ukaoza ukakatwa kipande, mguu mmoja ukabaki mfupi. Nikafungwa yale maringi ya nje ya Ilizarov. Wasioyajua ni maringi ya chuma yanazunguka mguu na waya zinapita kwenye nyama hadi kwenye mfupa zinatokea upande wa pili. Unapewa spana ndogo unazungusha nati mwenyewe, robo milimita mara nne kwa siku, jumla milimita moja. Ukivuta haraka mfupa mpya haujazi, ukivuta polepole sana unaunga kabla hujamaliza. Na kila sehemu waya ilipoingia unasafisha, usipofanya hivyo inatoa usaha na usiku hulali. Mke wangu alizoea kiasi kwamba akisikia spana imegusa chuma anajua saa ngapi.

Sasa kuhusu swali lako. Leo natembea, nabeba mzigo, baiskeli naendesha, bonanza la mtaani nacheza nyuma sitoki. Kukimbia nakimbia ila ile hatua ya kwanza, ya kushtuka, bado iko nyuma. Mpira ukipigwa kando yangu mtu ananipita, tukikimbia mbali namkuta. Ndo hicho unachokisema wewe cha ngazi ya lori. Na kifundo changu hakikunji vizuri, kuchuchumaa chooni kisigino kinanyanyuka, kwa sababu nilivutwa goko na kano ya kisigino ikakaza. Wewe umevuta paja kwaiyo nadhani wako utakuwa ugonjwa wa goti zaidi, kama kuna fizio humu atatuambia.

Kuna stori daktari mmoja wa mifupa alikuwa anatupa moyo nayo wodini na ni ya kweli, nilienda kuitafuta. Huyo Ilizarov, daktari aliyebuni haya maringi, alikuwa Kurgan huko Siberia, miaka ya hamsini wakubwa wa Moscow hawamtilii maanani. Sasa kulikuwa na mruka juu wa Urusi ya Kisovieti, Valeriy Brumel, rekodi ya dunia mita 2.28 aliiweka 1963, dhahabu ya Olimpiki Tokyo 1964. Mwaka uliofuata akapata ajali ya pikipiki mguu ukasagika, akapasuliwa mara nyingi bila mafanikio na mguu ukawa mfupi. Mwishoni akapelekwa Kurgan, Ilizarov akaurefusha na kuuunganisha. Yule bwana alirudi kuruka, akavuka tena zaidi ya mita 2. Wodini sisi tulikuwa tunashangilia hapo. Ila daktari hakuficha upande wa pili, ile 2.28 hakuiona tena. Mita mbili na mguu uliosagika ni maajabu, lakini kama swali ni kurudi pale pale ulipokuwa, basi hata yeye hakurudi.

Na tofauti yetu mimi na wewe, mi nilitoka kwenye mguu mbovu kwaiyo chochote nilichopata ni faida. Wewe umekata miwili mizima.

---

Fizio wa Nakuru:

Habari zenu. Mimi ni mtaalamu wa viungo, nimeshughulikia watu wa vyuma vya nje wengi na wachache wa rodi za ndani waliofanyiwa ng'ambo wakarudi nyumbani. Mwenye swali, hujatuambia unakunja goti kiasi gani, na hilo ndilo ningekuuliza mbele ya yote.

Wacha nieleze kilichotokea mwilini mwako kwa sababu watu wengi wanafikiri mfupa ukiunga mambo yameisha. Ulivutwa milimita moja kwa siku, sentimita saba ni zaidi ya miezi miwili ya kuvutwa bila kupumzika. Mfupa una uwezo wa kujitengeneza kwenye lile pengo, ndiyo maana upasuaji huu unafanya kazi. Misuli nayo hujiongeza urefu, mishipa ya fahamu vilevile, lakini haipendi. Msuli wa mbele ya paja unakaza, ule utepe mgumu wa pembeni kutoka nyonga hadi chini ya goti unakaza zaidi, na wakati wote huo ulikuwa kwa magongo kwa sababu zile rodi nyingi za sumaku haziruhusiwi kubebeshwa uzito wote wa mwili mpaka mfupa ukomae. Kwa hivyo msuli ulivutwa na kunyimwa kazi kwa pamoja. Halafu kuna kitu hawakuambii sana kwenye matangazo, rodi ya paja mara nyingi huingizwa kutoka juu, karibu na nyonga, ikipita kwenye eneo la misuli inayoshika nyonga isianguke upande ukisimama kwa mguu mmoja. Hiyo misuli ikiwa dhaifu mtu anatembea akiyumba kama bata, na akipanda ngazi anavuta mkono. Hiyo hadithi yako ya mpini wa lori, mimi naisoma hapo.

Sasa kujitetea. Teke lolote, kukwepa kokote, kuanza kukimbia kokote, kwanza unasimama kwa mguu mmoja. Ukishindwa kusimama kwa mguu mmoja ukavaa soksi bila kushika ukuta, usiniulize habari za teke.

Mtu aliyeumia mguu mmoja tunampima kwa kulinganisha na ule mzima, akiruka kwa mguu mbovu tunaona asilimia ngapi ya ule mwingine. Wewe huna mguu mzima wa kulinganisha! Yote miwili iko chini kwa pamoja kwa hivyo wewe mwenyewe utajiona uko sawa. Kama una video zako za zamani za jimu zitoe, hizo ndizo kipimo chako. La sivyo anza hivi, lala kifudifudi ukunje goti, kisigino kifike matakoni au karibu kabisa. Inuka kwenye kiti kwa mguu mmoja bila mikono, kila mguu mara kadhaa. Shuka ngazi, sio kupanda, KUSHUKA, polepole bila goti kuingia ndani. Hayo yakikaa, na daktari wako akiruhusu, ruka kutoka kidato kifupi utue kimya. Ukitua kwa kishindo maana yake misuli haijashika na mshtuko unaenda kwenye mfupa na rodi. Mbio za taratibu zinakuja baada ya hapo, mbio za ghafla za kushtuka ndizo za mwisho kabisa kurudi, na wengine hazirudi zote. Kwa wale wanaofanya mazoezi kwa bidii mimi huwa nawaambia wahesabu mwaka hadi miwili toka upasuaji, na wasihesabu kwa kalenda peke yake.

Kuhusu kupigwa mtama, mfupa uliounga vizuri hauvunjiki kwa kuanguka tu. Lakini "umeunga" ni neno pana. Uliza kama kwenye picha mbili za eksirei, ya mbele na ya ubavuni, kuta tatu kati ya nne za mfupa mpya zimejaa, maana kila picha inaonyesha kuta mbili. Hiyo ndiyo lugha ya madaktari wenyewe na atakujibu moja kwa moja, hatakuambia habari za maisha ya kawaida.

---

Kocha Mzee, Tanga:

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi ni wa ndondi, ya hospitali siyajui, naongea ya ulingoni.

Kijana wangu umeongeza urefu wa miguu. Mikono je? Mikono iko vilevile. Kwenye ngumi urefu wa mtu unasaidia kwa sababu mtu mrefu kwa kawaida ana mikono mirefu, hivyo viwili huja pamoja. Wewe sasa una kimo cha mtu wa 172 na mkono wa mtu wa 165. Kichwa chako kimepanda juu kikawa rahisi kuonekana na ngumi yako inafika pale pale ilipokuwa inafika zamani. Mtu mfupi anaingia ndani chini ya ngumi za mrefu, anapiga mbavu, ndiyo silaha yake. Wewe kuingia ndani sasa lazima ukunje magoti zaidi ya zamani na magoti ndiyo hayo fizio kayasema.

Judo hivyohivyo. Ile ya kugeuka ukaingia chini ya mtu ukambeba mgongoni inampenda mfupi kwa sababu kiuno chake kiko chini ya kiuno cha mwenzake. Umekipandisha chako sentimita saba.

Sisemi hutapigana tena. Nasema usirudi ukadhani ni mwili ule ule, utapigwa na mtoto wa juzi utaumia roho. Rudi kama mwanafunzi. Anza kusimama upya, pana kidogo kuliko zamani, gadi juu, hatua fupi fupi, begi usiliguse kwanza, piga kivuli mbele ya kioo hata miezi. Mateke acha. Ukipiga teke likakutana na kiwiko cha mtu, na paja lina skrubu, hutasahau.

Na mambo ya Dar, wewe umetoka miaka mingi. Hao vijana wa sasa wanakuja kundi na mapanga, huyo wa kupigana naye mmoja kwa mmoja umemwacha enzi zako. Toa simu, toa pochi, ongea nao vizuri, panda gari mlangoni shuka mlangoni. Mimi nimefundisha ngumi maisha yangu yote na mwanangu namwambia hivyohivyo.

---

Bado163:

Wakuu samahani naingilia, mi nina 163 na nina miaka 22, nilikuwa nafikiria hii kitu nikipata hela. Kuna ile rodi wanasema unatembea nayo siku hiyo hiyo bila magongo, hiyo si inaondoa hili tatizo la misuli kulala?

---

Fizio wa Nakuru:

Bado163, uliyosoma pengine ni ya zamani. Kulikuwa na rodi ya chuma cha pua iliyoruhusu kubeba uzito, Stryde, watu waliikimbilia sana, ikaondolewa sokoni 2021 baada ya kuonekana mabadiliko kwenye mfupa karibu na maungio ya ile rodi na dalili za kutu. Watengenezaji wengine wanazo zao zinazoruhusu uzito zaidi, lakini hata ukitembea, kuvutwa kwa msuli kuko pale pale. China walipiga marufuku upasuaji huu kwa ajili ya urefu tu mwaka 2006 baada ya watu kuumizwa, na madaktari wake hawakuwa wajinga wa mifupa. Una miaka 22, umeona mwenzako mwenye mazoezi ya miaka anavyouliza. Sikukatazi, nakuomba usome majibu ya Ringi Nne na Kocha mara mbili.

---

Gia Kubwa:

Dogo nunua kiatu chenye soli nene, elfu hamsini Kariakoo, wala hupasuliwi.

---

Mtoto wa Tandika:

Nimesoma zote nimekaa kimya kwanza. Kocha shikamoo, hiyo ya mikono imeniuma ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, si daktari si wale jamaa wa kwenye video wanaojisifu wamefikia futi sita. Nimejaribu hapa hapa kwenye maegesho hayo mambo ya fizio. Soksi nimevaa nikiwa nimesimama kwa mguu wa kulia, nikisimama kwa wa kushoto nimeshika tairi. Kiti nimeshindwa yote miwili, nikanyanyuka nusu nikarudi. Kisigino matakoni kinabaki kama upana wa ngumi mbili. Kwaiyo Ringi Nne uko sahihi, yangu ni goti na nyonga.

Ila niseme ukweli wangu na mimi, sijutii. Najua mtakasirika. Naingia sehemu naongea na mtu uso kwa uso, mwanzo sikuwa hivyo, na hilo nililipia nikalipata. Ninachojutia ni kutoambiwa bei nzima. Wangeniambia kwamba miaka miwili utakuwa mtu wa kuvuka barabara mapema, ningejipanga, hata kazi ya usiku nisingeichukua.

Fizio swali la mwisho, rodi zikitolewa si ndo nakuwa huru kabisa? Nilipanga zitolewe kabla ya Desemba ili nije Dar nikiwa mwepesi.

---

Fizio wa Nakuru:

La, usifanye hivyo kabla hujaongea vizuri na daktari wako kuhusu tarehe. Rodi ikitoka inaacha njia katikati ya mfupa na matundu ya skrubu, na kwa muda mfupa unakuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa na rodi ndani. Wengi huambiwa wasiruke, wasikimbie na wasiguse michezo ya kugongana kwa wiki kadhaa, wengine miezi mitatu, kutegemea picha. Ukitoa Novemba ukashuka Dar Desemba utakuwa umechagua wakati mbaya kuliko wote wa kupigwa mtama. Njoo nazo zikiwa ndani, kama mfupa umekomaa hazikuzuii kutembea, au ahirisha safari.

Na kitu kimoja, hiyo rodi ina sumaku. Ukipata ajali au ukiumwa huku wakataka kukuingiza kwenye mashine ya MRI, ambayo nayo ni sumaku kubwa, waambie kabla hujalala kwenye kile kitanda. Andika kwenye karatasi aina ya rodi na ukubwa wake uweke kwenye pochi pamoja na namba ya daktari, kwa Kiswahili na Kiingereza, maana ukiwa umezimia hakuna atakayejua una chuma mapajani.

Kwa mazoezi, kabla ya soksi na kiti rudi kwanza kwenye kulala ubavu na kunyanyua mguu wa juu ukiwa umenyooka, kisigino kikitangulia nyuma kidogo, polepole. Kila ukisimama kupumzika na lori. Kushoto anza nao, ndio dhaifu.

---

Kocha Mzee, Tanga:

Na ukija Desemba pita Tanga. Kutoka Dar panda basi la asubuhi.

---

Mtoto wa Tandika:

Nitakuja Kocha. Fizio, eksirei ya mwisho ninayo kwenye simu, naweza kukutumia uone hizo kuta nne?

---

Fizio wa Nakuru:

Tuma inboksi, zote mbili, ya mbele na ya ubavuni. Kata ile sehemu ya juu yenye jina lako na tarehe ya kuzaliwa kwanza. Na ya kusoma eksirei neno la mwisho ni la daktari wako, mimi nitakuambia tu maswali ya kumuuliza.